Naomba ushauri: maganda ya kale ya bunduki ya marisau yenye vipimo vinavyonichanganya

Mjukuu wa Masindi

Salaam kwenu nyote. Marehemu babu yangu aliuza dukani hapa Masindi enzi za ukoloni, na miongoni mwa vitu alivyotuachia ni bati la biskuti lenye maganda 41 ya risasi za bunduki ya marisau. Mengi ni ya karatasi ngumu iliyotiwa nta, yenye kitako cha shaba ya manjano, na manne ni ya shaba tupu kuanzia kitakoni hadi mdomoni. Ningependa yawe mwanzo wa mkusanyiko wa kweli, hasa wa vile vipimo ambavyo siku hizi havionekani madukani.

Niliazima kalipa vernia, chombo cha kupimia upana, kwa fundi, nikayapima, kisha nikalinganisha na jedwali la geji, yaani namba zinazotaja ukubwa wa bunduki za marisau. Yaliyo mengi yana milimita 20.5, ambayo kwenye jedwali inaangukia kati ya geji 10 na geji 8. Tisa yana milimita 18.9, nikayaandika kuwa ni geji 12. Moja la shaba tupu lina 16.7, nikaliandika geji 16. Hilo la mwisho lilikuwa jeusi kabisa, nami kwa pupa nikalisugua kitako kwa msasa ili nisome chapa yake. Sasa kinang'aa, lakini herufi zimefutika, na jambo hilo linaniuma kila ninapolishika.

Je, majina niliyoyapa ni sahihi? Niyahifadhi vipi? Na matatu kati yake midomo bado imekunjwa, yana uzito, nayo yakitikiswa husikika kitu ndani. Yanafaa kukaa pamoja na mengine?

Askari Mstaafu, Gulu

Mwanangu, naanza na swali lako la mwisho kwa sababu haliwezi kungoja. Hayo matatu si maganda, ni risasi zenyewe. Usiyatikise tena, usiyakate, usiyachome sindano, wala usijaribu kuing'oa fataki, yaani kile kidude cha kuwashia baruti kilicho katikati ya kitako. Baruti nyeusi ikikaa pakavu haipotezi nguvu kwa kupita miaka mia, na hata iliyowahi kulowa inaweza kushika moto ikishakauka. Tazama fataki kwa macho tu: ikiwa haina kibonyo, risasi haijapigwa, ikiwa na kibonyo lakini mdomo ungali umefungwa, basi ilipigwa ikakataa, na hiyo ndiyo ya kuogopwa zaidi.

Sheria ya Silaha ya Uganda ya mwaka 1970 inamtaka mtu awe na cheti ili amiliki bunduki au risasi, na urithi peke yake si cheti. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu ukiwa mikono mitupu, ueleze ulichokikuta, nao wapange namna ya kuja kuzichukua. Tafadhali usizipakie kwenye boda boda ukazipeleka mwenyewe. Ukiwa hapo, waulize pia kuhusu yale matupu, ili jina lako liwe safi tangu mwanzo.

Fundi wa Vipimo, Jinja

Ndugu yangu, kalipa yako imesema kweli, ila umeisomea jedwali la kitu kingine. Geji hupima tundu la mtutu, haipimi ganda. Chukua ratili moja ya risasi, yaani madini yenyewe, uigawe sehemu 12 zilizo sawa, kila sehemu uifinyange iwe gololi. Upana wa gololi hiyo, milimita 18.5, ndio upana wa mtutu wa geji 12. Ndiyo maana namba ikizidi kuwa kubwa mtutu unazidi kuwa mwembamba. Sasa ganda, kwa kuwa lina kuta zake na linakaa kwenye chumba kilichopanuliwa nyuma ya mtutu, lazima liwe nene kuliko tundu lenyewe. Ganda la geji 12 lina takriban milimita 20.5 juu kidogo ya ukingo wa kitako, la geji 16 lina 18.9, la geji 20 lina 17.7, na la geji 28 lina 15.8.

Kwa hiyo yale mengi uliyodhani ni geji 8 au 10 ni geji 12 za kawaida, na yale tisa ni geji 16. Najua habari hiyo inavunja moyo kidogo, lakini rudi kwenye lile la 16.7. Halifiki 20, na limeizidi 28. Kipimo kinachokaa katikati hapo ni geji 24, ambayo mtutu wake una milimita 14.7 hivi, nayo ni adimu kweli.

Ushauri mwingine kwa siku utakapoanza kununua: usivutwe na ukubwa. Geji 8 ilipigwa marufuku kwa kuwinda ndege wahamao Marekani mwaka 1918, kwa hiyo muuzaji atakuambia kila ganda lake ni la kale. Lakini risasi za geji 8 zinatengenezwa hadi leo kwa ajili ya viwanda, ambako hutumika kuvunja tabaka linaloganda ndani ya tanuri za saruji. Na .410, kipimo kingine utakachokutana nacho kwenye bunduki za marisau, si geji kabisa. Ni upana wa mtutu kwa inchi.

Bibi wa Makumbusho, Entebbe

Mjukuu wangu, msasa uweke mbali, na siki na limau pia. Weusi ule wa shaba ni ngozi yake, unailinda. Unaoharibu ni ule unga wa kijani, nao utauondoa polepole kwa kijiti cha mti laini. Shika maganda kwa kitambaa cha pamba, maana jasho la vidole lina chumvi na baada ya wiki chache utaona alama za vidole vyako zimechorwa kwenye shaba. Yatoe kwenye bati, lakini usiyafungie kwenye sanduku la mbao mbichi wala kuyafunga kwa gazeti, kwani vyote viwili hutoa asidi. Boksi la plastiki lenye kifuniko, pamoja na vile vifuko vya chembe za silika vinavyokuja ndani ya viatu vipya, vinatosha. Vifuko uvibadilishe msimu wa mvua. Karatasi ikinyonya unyevu hufura, na mende nao huitafuna.

Soma pia vitako. Palipoandikwa Eley na London peke yake, na palipoandikwa Eley-Kynoch, ni nyakati mbili tofauti, kwa sababu kampuni hizo za Uingereza ziliunganishwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ukiona herufi I.C.I., yaani kampuni ya Imperial Chemical Industries, ganda hilo ni la baada ya 1926.

Mjukuu wa Masindi

Shukrani zangu kwenu, wazee wangu. Polisi walikuja jana wakazichukua zile tatu.

Usiku nililiweka lile ganda la 16.7 mezani, nikazima taa, nikamulika kitako kwa tochi kutoka ubavuni. Kivuli chembamba kilijitokeza. Nikaweka juu yake karatasi nyepesi, nikapitisha penseli kwa ulalo, na tarakimu moja ikasomeka vizuri: 4. Iliyo mbele yake imeliwa na msasa. Mwanzoni nilihofu kuwa ni 14, kisha nikakumbuka maneno ya Fundi: mtutu wa geji 14 una milimita 17.6, na ganda haliwezi kuwa jembamba kuliko tundu lake. Ni 24. Nimeandika kwenye kadi yake kipimo, chapa iliyobaki, na kwamba msasa ni wangu, si wa babu.