Theremini na piano ya jazi Kampala: fedha za umma zitumike?

Hoja iliyo mezani: kumbi za umma, mfano National Theatre iliyofunguliwa 1959, zigharimie onyesho la theremini (ala ya umeme inayopigwa bila kuguswa) na piano ya jazi?

Mratibu wa matamasha: Napinga. Piano kubwa ikihamishwa hutyuniwa mara mbili: ikishatulia siku chache, kisha tena asubuhi ya onyesho. Mvua za Machi hadi Mei zikianza, ubao wake wa sauti unavimba, nyuzi zinakazika, noti za katikati zinapanda. Si bora kibodi ya funguo 88? Na huyo wa kupunga mikono hewani, nani atanunua tiketi kumwona?

Fundi sauti: Bwana mratibu, tiketi si shida yangu, shida ni umeme. Theremini, iliyobuniwa na Lev Termen huko Urusi yapata 1920, ina antena mbili: ya wima huamua noti, ya kitanzi huamua ukubwa wa sauti. Mkono na antena hufanya kapasita, yaani hushika chaji ya umeme kati yao, hivyo mwili wa mpigaji ni sehemu ya saketi. Eathi (waya wa kwenda ardhini) ikiwa mbovu, noti zinayumba. Jenereta nyingi za kukodi huletwa bila eathi kabisa. Umeme ukikatika, jenereta ikiingia, kila noti imehama na mpigaji amepotea katikati ya wimbo. Kwa hiyo UPS, betri ya kushikilia umeme unapokatika, ni lazima. Washa dakika 15 kabla, ndipo upange masafa ya noti zake. Piano ikae mita 2 pembeni, fremu yake ni chuma. Spika ya mpigaji iwe nyuma ya kichwa chake: hana pa kugusa, sikio ndilo linalomwongoza. Na kifaa cha volti 120 ukikichomeka kwenye 240, kwisha habari.

Mwalimu wa muziki: Naunga mkono, kwa sababu ya kimuziki. Amadinda, marimba ya Baganda, hugawa oktava (kutoka noti hadi noti ileile ya juu) hatua 5 zinazokaribia kulingana, senti 240 hivi kila moja; senti ni kipimo cha umbali kati ya noti. Piano ina 200, ina 300, katikati hakuna kitu. Theremini inafika popote.

Mpiga piano: Inafika, mwalimu, lakini kwa kuteleza! Amadinda ni wapigaji wawili wanaopishana kwa kasi, wa tatu yuko kwenye vibao viwili vya juu. Theremini ikijaribu hivyo ni uji mtupu. Chombo kinachoifaa ni endingidi, fidla ya Baganda: uzi mmoja, nao huteleza. Mimi nitaacha akodi nzito, noti nyingi kwa pamoja, nipige oktava tupu, nafasi za senti 240 nisiziguse.

Mratibu wa matamasha: Endingidi na theremini nitaitetea kwenye kamati. Piano, bado.

Fundi sauti: Basi maikrofoni ya endingidi iwe sentimita 20 kutoka kwenye ngozi, na stendi yake ya chuma isikaribie antena. Ikisogezwa wimbo ukiendelea, theremini itapanda au kushuka yenyewe.