Nimempelekea koleti mbovu na geji juu yake, jamaa AKAIPULIZA

Wakuu, habari za jioni. Nimetoka mtaa wa Gerezani sasa hivi, hata maji sijanywa. Sitamtaja, na hakuna haja. Kila mwenye mashine ndogo ya milingi (ya kuchonga chuma kwa kisu kinachozunguka) hapa Dar ameshapita kwenye lile duka la kona lenye jenereta mlangoni, na kila mtu anamjua anayekaa kwenye kile kiti cha plastiki.

Nilichukua kwake seti ya koleti, vile vibanio vya shingo ya kisu, za mfumo wa ER saizi 32, vipande 18, kuanzia milimita 3 hadi 20, na holda yake ya kuzishikia yenye mkia wa tepa ya MT3. Kabla ya kutoa hela nilimuuliza: mzee, hizi zinazunguka katikati? Akanijibu, "Hizi ndizo wanazotumia viwandani." Kiwanda gani? Cha kusaga dona?

Nimefika nyumbani nikaiosha koleti ya 6 kwa petroli, nikaosha holda, nikafuta tepa (tundu linalopungua upana) ya spindo, ile shafti ya mashine inayozunguka, kwa kitambaa safi mpaka inang'aa. Nikachukua geji, ile saa ya kupimia kuyumba, nikaanza na tundu la spindo lenyewe, sindano inacheza ndani ya mstari mmoja, yaani milimita 0.01. Spindo haina kasoro. Nikapima ndani ya mdomo wa holda, hivyo hivyo. Nikafunga kipini cha kabaidi (fimbo nyoofu ya kupimia) cha milimita 6, nikazungusha kwa mkono. Chini tu ya nati, 0.04. Nikashuka milimita 40, 0.09. SUFURI NUKTA SUFURI TISA! Nikafunga endimili, yaani kisu chenyewe, ya meno mawili, nikalisha 0.03 kwa jino, jino moja likawa linafanya kazi yote na mwenzake anapunga hewa. Mfereji wa 6 umetoka karibu 6.1. Endimili ya kabaidi ikakatika, kipande kikaruka mpaka ukutani. Hiyo ilikuwa gia ya cherehani ya mama mmoja anayeshona sare za shule, na shule zinafungua.

Leo nimebeba koleti, holda, kipini na geji yangu na kituo chake cha sumaku. Dukani kwake ana mashine ya maonyesho ya MT3, nikamuomba, akaruhusu. Nikafunga kila kitu mbele yake, nikagusisha geji, nikazungusha. Sindano inaruka mistari tisa na watu wote wanaona. Akainama akaangalia. Akafungua nati, akatoa koleti, akaisogeza mdomoni na AKAIPULIZA. Fuuu! Kama anapoza uji.

Halafu akasema, "Vumbi tu hilo, dogo."

Dogo! Nina watoto wawili sekondari.

Akairudisha, akakaza, hakupima, akanipigapiga begani: "Imepona. Kwani wewe unatengeneza ndege?" Duka zima likacheka mpaka kijana wa kubeba mizigo. Mtu amekaa miaka yote hiyo anauza vyuma vya kupimia na kukatia halafu dawa yake ni PUMZI. Nimekoma.

—

Chuma Chakavu:
Pole mkuu. Swali la msingi: baada ya kupulizwa ilipona?

Mleta uzi:
HAIKUPONA. Nimepima tena pale pale huku anaongea na mteja mwingine. 0.09. Nikamwita aone, akasema "saa yako hiyo imekufa." Geji yangu nzima kabisa ndiyo imekufa, koleti yake ndiyo iko hai!

Dukani Siendi:
Umetoka Tabata mpaka Gerezani na geji kwenye begi kwa ajili ya koleti? Wewe na huyo mpulizaji wote mnahitaji mapumziko.

Mzee wa Kukereza:
Mwanangu, hasira zako nazielewa, ila tusaidiane kwanza. Pima, kisha legeza nati, zungusha koleti nusu duara ndani ya holda bila kugusa kipini, kaza, pima tena. Ile sehemu ambayo sindano inasoma juu zaidi ikihama pamoja na koleti, mbovu ni koleti. Ikibaki palepale kwenye holda, mbovu ni holda au nati. Na nati usiidharau hata kidogo. Uso wake ukiwa umekatwa upande, unainamisha koleti nzuri kabisa, na dalili ya kuinama ndiyo hiyo: kidogo karibu, nyingi ukishuka chini.

Mleta uzi:
Shikamoo mzee. Nilifanya hivyo nyumbani, nimeweka na alama ya wino. Sehemu ya juu inahama na koleti. Na koleti ya 8 kutoka seti hiyohiyo, holda ileile, nati ileile, inasoma 0.02. Kwa hiyo ni hii ya 6. Nilimweleza yote haya. Jibu lake mnalijua, aliipuliza.

Mzee wa Kukereza:
Marahaba. Basi umeshamaliza kesi, ni koleti. Ila nakuuliza jambo moja: yeye aliporudisha, alianza na nini? Aliitumbukiza koleti kwenye holda ndiyo akaweka nati juu?

Mleta uzi:
Ndiyo mzee! Akaitupia ndani, akaweka nati, akavuta spana kwa mikono miwili.

Mzee wa Kukereza:
Basi huyo hajui anachouza. Koleti ya ER inaingia kwenye NATI kwanza. Ndani ya nati kuna pete ambayo haiko katikati, unainamisha koleti, unaisukuma mpaka ilie "ka", ndipo unapeleka vyote kwenye holda. Ile pete ndiyo inayoing'oa koleti unapofungua. Ukifanya alivyofanya yeye, koleti inakaa upande, inakwama, na ukikaza sana unaiumiza mdomo. Amekuharibia zaidi mbele ya macho yako.

Chuma Chakavu:
Kwa hiyo kupuliza ndiyo ilikuwa sehemu salama kuliko zote 😂

Kamukunji Jua Kali:
Poleni ndugu zetu wa Dar. Huku Nairobi ni yale yale bana. Mimi nilienda na endimili ya robo inchi, jamaa akaniuzia koleti ya 6, eti "kaza tu, itaingia." Robo inchi ni 6.35! ER inabana kwenda chini milimita moja, haipanuki kwenda juu. Ya 7 inashika 6 mpaka 7, hiyo ndiyo ningepewa. Nikakaa hapo natoa jasho kusukuma chuma kwenye tundu dogo, na yeye ananitazama tu akinywa chai.

Bi Mkubwa wa Karakana:
Angalau ninyi mmeuziwa koleti. Mimi nilisema MT3 mara ya kwanza, nikasema mara ya pili, nikamwandikia kwenye karatasi. Nikapewa R8. Nikamwambia kaka, hii siyo, akasema "zote ni tepa." R8 ni ya mashine za Bridgeport za Marekani na ndugu zake, boliti yake ya juu ni inchi 7/16 nyuzi 20. Mashine yangu inavuta kwa boliti ya M12, ya milimita. Ningeifunga na nini, uzi wa kushonea? Na karatasi yangu akafungia vitumbua.

Nyundo ya Shaba:
Ninyi watu wa mashine za mezani mna makelele sana. Mimi naweka endimili kwenye chaki ya drili, kile kibanio cha taya tatu, tangu zamani na inakata. Maikroni (elfu za milimita) za nini kwenye gia ya cherehani?

Mzee wa Kukereza:
Kijana, acha mara moja. Chaki ya drili imekaa kwenye tepa fupi bila boliti ya kuivuta. Imetengenezwa kusukumwa kwenda juu. Milingi inasukuma kwa ubavu na kutetemesha, ile tepa inaachia na chaki inadondoka ikiwa inazunguka. Na taya tatu zinagusa shingo ya endimili kwenye mistari mitatu tu, nayo ina mapindo yanayoivuta kwenda chini. Inashuka kidogo kidogo, wewe unadhani umekata milimita moja, kumbe mbili.

Nyundo ya Shaba:
Haijawahi kudondoka.

Bi Mkubwa wa Karakana:
Ya jirani yangu ilidondoka. Ilipasua ndoo ya maji. Ingekuwa mguu tungekuwa tunachangishana sasa hivi.

Fundi Spana 17:
Mleta uzi na wewe umezidi. Kwa kazi ndogo ya milimita 6 ungenunua koleti za MT3 zenyewe, zinaingia moja kwa moja kwenye spindo. Hakuna holda, hakuna nati, endimili inakaa karibu na beringi, vitu vya kupinda vinapungua. ER32 kwenye mashine ndogo inakula urefu wa bure.

Mleta uzi:
Najua mkuu. Ila kila ukibadilisha unagonga boliti kwa nyundo, maana MT3 inajikaba yenyewe, na mapigo yote yanaenda kwenye beringi za spindo. Na MT3 za moja kwa moja unahitaji saizi kamili kwa kila shingo. ER ni mfumo mzuri, kampuni ya Rego-Fix ya Uswisi waliutoa miaka ya 1970 na mpaka leo dunia nzima inautumia. Tatizo siyo ER! Tatizo ni mtu anapewa namba, anaonyeshwa sindano, halafu anajaza mashavu hewa. Bado naisikia ile fuuu.

Dukani Siendi:
Holda ya Weldoni basi. Skrubu ubavuni, endimili haiendi popote.

Mzee wa Kukereza:
Haitelezi, kweli, kwa kazi nzito ni nzuri. Lakini ile skrubu inasukuma endimili upande mmoja wa tundu, kwa hiyo nafasi yote iliyomo inageuka kuwa kuyumba. Anayetaka usahihi kwa endimili ndogo abaki na koleti, ila asinunue seti nzima kwa kuona kisanduku kinameta. Anunue tatu nne anazozitumia kila siku, 6, 8, 10 na 12, kwa muuzaji anayeandika kiwango cha kuyumba na kukubali kurudishiwa. Na aende na kipini na geji, kama alivyofanya huyu. Hapo mleta uzi hajakosea hata chembe.

Mleta uzi:
Asante mzee wangu. Kuna mtu ameelewa.

Chuma Chakavu:
Sisi wengine tumeelewa pia, tunakupulizia tu upoe.

Beringi Nusu Bei:
Wakuu naomba kuingilia. Mmezungumzia beringi za spindo. Kuna mwingine mtaa wa nyuma ya hapo hapo, mnamjua pia. Nina pampu ya maji, shafti ya 15. Nikamwambia nipe beringi ya shafti ya 15. Akachukua kalamu, akapiga hesabu mbele yangu: "Namba ya mwisho mara tano. 6203, tatu mara tano kumi na tano." Nimefika nyumbani inapwaya kama...  hata sijui niseme nini. Inazunguka yenyewe kwenye shafti.

Fundi Spana 17:
Hahaha! Mara tano inaanzia 04. 6204 ni 20, 6205 ni 25. Chini ya hapo unakariri: 00 ni 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17. Ulitakiwa upewe 6202.

Beringi Nusu Bei:
Nimerudi kumwambia. Amesema nikate kopo la soda nizungushie kwenye shafti.

Bi Mkubwa wa Karakana:
KOPO LA SODA?

Kamukunji Jua Kali:
Huku wanasema la bia, ati ni gumu zaidi.

Mleta uzi:
Jamani, kopo angalau ni chuma. Mimi nilipewa hewa.

Nyundo ya Shaba:
Kopo linafanya kazi. Nimeshafanya kwenye feni.

Fundi Spana 17:
Linafanya kazi pakiwa na upwaji wa sehemu ya kumi ya milimita. Hapa ni 17 toa 15, milimita nzima kila upande. Ukuta wa kopo ni kama 0.1. Utazungushia mara kumi, ikianza kuzunguka linafumuka lote.

Nyundo ya Shaba:
Unagundisha na gundi.

Mzee wa Kukereza:
Kijana, wewe ndiyo wa chaki ya drili?

Nyundo ya Shaba:
Ndiyo mzee.

Dukani Siendi:
Niko na motori ya shafti 17 hapa, beringi yake imekwisha. Hiyo 6203 bado unayo? Ina mfuniko wa mpira pande zote mbili?

Beringi Nusu Bei:
Ninayo, mpira pande zote, haijazunguka hata saa moja. Niko Buguruni karibu na sheli.

Dukani Siendi:
Usimpe mtu. Natoka sasa hivi.