Mafia kwa wikiendi ndefu: twende Julai au mwisho wa Novemba?

Mluguru wa Mbagala

Wakuu, heshima kwenu. Naombeni ushauri kutoka kwa mliofika Mafia au mnaoishi huko.

Mimi na mwenzangu tunakaa Dar. Kigamboni na Bagamoyo zimetuchosha, safari hii tunataka Mafia. Tunaondoka Alhamisi alfajiri, Jumatatu usiku tuwe nyumbani. Hatuendi kulala kitandani tukihesabu mbao za dari. Nataka kuogelea na papa potwe (yule papa mkubwa wa madoa), nione watoto wa kasa wakitoka mchangani, nifike kisiwa cha Chole kwenye magofu na popo, na nafasi ikipatikana nizamie na mtungi wa hewa. Cheti cha kuzamia ninacho, mwenzangu hana. Yeye hata kuogelea hajui, amekulia Iringa na maji anayoyafahamu ni ya ndoo.

Ruhusa kazini inapatikana katikati ya Julai au wiki ya mwisho ya Novemba, basi. Kuna jamaa ofisini anasema potwe na kasa wapo mwaka mzima, nichague mwezi wowote. Ni kweli? Pili, ndege au meli? Tatu, tulale Kilindoni mjini au Utende, upande wa Chole? Bajeti ni laki sita kwa wote wawili, kila kitu humohumo.

Kapuku Mstaarabu

Ngoja waje wajuzi. Natandika jamvi hapa.

Mwana wa Kilindoni

Mkuu, huyo jamaa wa ofisini kakupa nusu ya ukweli. Watoto wa kasa wanatoka zaidi kati ya Aprili na Septemba, na ukitaka uhakika shika Juni hadi Agosti. Msimu wa potwe unaanza Oktoba unaisha Machi. Julai yako ni ya kasa, Novemba yako ni ya potwe. Vyote viwili katika wikiendi moja havipatikani, labda kwa bahati ya mtende.

Nusu ya kweli ni hii: potwe hawahami. Watafiti waliwafunga vifaa vya kutoa mlio chini ya maji wakakuta wengi wanabaki huku huku mwaka mzima, ila msimu ukiisha wanasogea mbali na pwani na kukaa chini zaidi. Kwa hiyo Julai unaweza kuwa unaelea juu yao bila kuwaona, na hela ya boti umeshalipa.

Mimi ningekwenda Novemba. Julai kusi inavuma, mlango wa bahari kati ya delta ya Rufiji na kisiwa unachafuka, na shemeji yetu wa maji ya ndoo atakuwa ameshika ubavu wa chombo tangu Nyamisati, gati la bara mnakopandia. Mwisho wa Novemba kusi imekwisha, kaskazi haijashika vizuri, bahari inakuwa na adabu. Mvua za vuli zinaweza kuwakuta, lakini ni za kupita.

Kuhusu potwe wenyewe. Boti zinatoka Kilindoni asubuhi, upande wa magharibi, si Utende. Nahodha anatafuta ndege wanaoshukia majini na mahali wavuvi wa dagaa walipotupa nyavu, maana potwe anafuata uduvi na vidagaa hivyo hivyo. Ukiona kivuli cha kijivu chenye madoa meupe kinapita chini ya boti, tulia. Usijirushe kwa kishindo, teleza pembeni. Anakuja mdomo wazi karibu na uso wa maji, anachuja chakula chake, wala hana habari na wewe. Wengi wanaoonekana huku ni madume ambayo hayajakomaa, mita 6 hadi 7. Ukimshika au kumkatia njia anazama, na boti nzima imekosa kwa sababu yako. Kama kuna cha kuchunga ni mkia, si mdomo.

Mluguru wa Mbagala

Ahsante sana mkuu, umenifungua. Novemba basi. Sasa usafiri? Nimesikia Nyamisati ni mtihani.

Binti Kibiti

Kwa laki sita sahau ndege kaka. Kuruka kutoka Dar ni kama nusu saa tu, lakini tiketi za watu wawili kwenda na kurudi zitameza bajeti yote mkiwa bado uwanjani.

Gari za Nyamisati zinaondokea Mbagala Rangi Tatu, na nyie mko palepale, mna bahati. Mnafuata barabara ya Kilwa, mnapita Mkuranga, na Bungu, kabla ya kufika Kibiti mjini, mnaiacha lami mnakata kushoto kuelekea baharini. Hicho kipande cha mwisho mvua ikinyesha kinakuwa kingine kabisa, kwa hiyo msiondoke Dar saa mbili asubuhi mkidhani mtawahi chombo. Ondokeni gizani.

Nyamisati yenyewe ni kijiji kwenye mdomo wa delta. Gati lipo, mikoko kila upande, akina mama wanauza chapati, samaki wa kukaanga na kamba waliokaushwa. Kuna kivuko cha serikali, MV Kilindoni, na kuna boti za watu binafsi. Muda wa kuondoka hubadilika kufuata maji, maana mnatokea kwenye vijito vya mikoko kabla ya kufika bahari wazi. Piga simu jana yake uulize siku na saa, usitegemee uliyosoma mtandaoni. Kuvuka hesabu saa nne hivi. Jaketi la kuokolea ulivae, usilikalie. Na ukikuta chombo cha mbao kimejaa mifuko ya saruji mpaka mabegani huku wanaita abiria, kiache kiende. Mimi niliwahi kukaa juu ya saruji hiyo safari nzima, nikashuka Kilindoni nikiwa mweupe kuliko mtalii.

Mwenzako ameze kidonge cha kichefuchefu kabla ya kupanda. Akisubiri mpaka tumbo lianze, kimechelewa.

Mpemba Asilia

Kwani lazima Mafia? Njooni Pemba. Kisiwa cha Misali kuna miamba ambayo Mafia haina, ukuta unashuka mpaka maji yanakuwa meusi. Msitu wa Ngezi upo, popo wetu wakubwa hawapatikani popote duniani isipokuwa Pemba. Usafiri wa meli ni wa uhakika. Huko mnakokwenda mtalala mnasubiri maji yajae.

Mwana wa Kilindoni

@Mpemba Asilia ukuta wenu hatuukatai, mkuu. Ila kaulizia potwe. Mwambie anaogelea na nani hapo Misali?

Mpemba Asilia

Na karafuu 😂

Mzamiaji Mtaratibu

Niongezee upande wa mtungi, maana naona umepitwa.

Kwanza bei. Kuzamia na mtungi Mafia ni huduma ya kitalii, uliza kabla hujafunga begi, na uliza kama kuna bei ya Mtanzania. Kwa laki sita yenye gesti, boti ya potwe na nauli ndani yake, naona mtungi utakuwa wa kubana. Miwani ya kuzamia na mrija inatosha kwa mengi: ndani ya ghuba ya Chole matumbawe yako mita chache tu chini.

Pili, mwezi wa angani una maana kuliko mwezi wa kalenda. Ukifika wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hujaa kama saa kumi na hupwa kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi. Hapo mafungu ya mchanga kama Marimbani yanatokeza vizuri na picha zako zitakuwa nzuri, lakini mlango wa Kinasi, ambako ghuba inafunguka kwenye bahari kuu, mkondo unakimbia. Kwa kuzamia, maji mafu, siku yasipojaa wala kupwa sana, ni bora: mkondo mdogo, na maji yanaonekana zaidi. Angalia wiki yako ya Novemba inaangukia wapi halafu ndipo uamue Jumamosi ni ya fungu au ya mtungi.

Tatu, wale wa ndege wanatakiwa kusubiri angalau saa 18 baada ya kuzamia mara kadhaa kabla ya kuruka. Wewe unarudi na chombo cha majini, kwa hiyo Jumapili yako iko huru. Hiyo ndiyo faida ya umaskini wetu.

Mama Nuru

Wanangu, naona mnamsahau huyo binti asiyeogelea. Mimi mwenyewe siogelei na Mafia naipenda.

Siku ya potwe apande boti pamoja nanyi. Potwe akija juu anaonekana vizuri tu kutoka kwenye boti, tena yeye ataona mgongo wote wakati nyie mnapigania kuona mkia. Avae jaketi tangu ufukweni asisubiri kuambiwa.

Chole ni yake kabisa. Mnatoka Utende kwa boti ndogo, dakika chache mmefika, ila maji yakiwa yamekupwa mtashuka mbali na kutembea majini, suruali mpaka magotini. Kisiwa kinazungukwa kwa miguu. Pale ndipo palipokuwa makao ya serikali, Waarabu kisha Wajerumani, mpaka Wajerumani walipohamia Kilindoni mwaka 1913. Majengo yamebaki kuta, na mikuyu imezikumbatia mpaka hujui nini kimeshikilia nini. Popo wanalala mchana kwenye miti mikubwa, wananing'inia wakijipepea kwa mabawa na kugombana, harufu yao mtaisikia kabla hamjawaona. Msipige makelele wala kuwatupia kitu. Kaeni mpaka jua likaribie kuzama muwaone wakiondoka, lakini kubalianeni na mwenye boti mapema kuhusu saa ya kurudi.

Mkiwa na nguvu, vukeni kisiwa cha Juani kwenye magofu ya Kua. Ni mji mzima ulioachwa, wenyewe wanasema Wasakalava wa Madagaska walikuja kuuvamia karne ya 19. Mchukue mwenyeji, vichaka vimemeza nusu.

Halafu nguo. Kilindoni ni mji wa Waislamu, si ufukwe wa hoteli. Nguo za kuogelea ziishie kwenye boti, binti abebe khanga mbili.

Mluguru wa Mbagala

Shikamoo Mama Nuru, na ahsante, nimemsomea mwenzangu na amecheka sana hapo kwenye mkia. Anasema sasa anakwenda hata mimi nikighairi.

Mpango wetu ni huu: Alhamisi kuvuka na kulala Kilindoni. Ijumaa potwe. Jumamosi Utende na Chole. Jumapili fungu la mchanga au Juani, Jumatatu kurudi. Mtungi nimeuacha kwa safari nyingine. Je, tuhamie Utende Jumamosi au tubaki Kilindoni moja kwa moja? Na kuna ATM?

Mwana wa Kilindoni

Bakini Kilindoni. Gesti ni nyingi na rahisi, chakula kipo sokoni, na Utende ni lami, bodaboda au bajaji inawafikisha asubuhi na kuwarudisha jioni. Kule karibu na Utende kuna geti la hifadhi ya bahari, ile iliyoanzishwa 1995, ya kwanza nchini. Mtalipia kiingilio, kwa Mtanzania si kikubwa, bebeni vitambulisho msije mkahesabiwa wageni. Mkilala Kilindoni mnalipa siku mnazoingia tu.

NMB ipo Kilindoni na mawakala wa simu wapo. Lakini Chole na Juani nendeni na pesa taslimu ndogondogo, mwenye mtumbwi hana chenji ya elfu kumi.

Nina rekebisho moja tu: potwe msiwawekee Ijumaa peke yake. Kubaliana na nahodha kwamba upepo ukiamka vibaya Ijumaa mnakwenda Jumapili, na Juani inasogea. Na Jumapili hiyo hiyo jioni pita gatini uulize chombo cha Jumatatu kinaondoka saa ngapi, maana kinaweza kuwa saa kumi alfajiri.

Kapuku Mstaarabu

Nakunja jamvi. Mkuu, kwenye boti ya potwe kuna nafasi ya mtu wa tatu? Nachangia mafuta.