Mrejesho: Nano iliyogoma kuonekana kwenye kompyuta

Wakuu, nimerudi. Niliwauliza kuhusu Arduino Nano (kibodi kidogo cha elektroniki kinachopangiwa programu) ya kopi isiyoonekana kwenye kompyuta, nikitaka imwagilie mchicha wa mama hapa Chumbageni, Tanga.

Uliyesema nianze na waya, ubarikiwe: wangu ulikuwa wa kuchajia tu, hauna nyaya za data. Baada ya kuubadilisha nikaweka draiva ya CH340, ile chipu ya USB iliyo kwenye bodi, porti ikatokea. Programu bado ikagoma kupanda kwenye bodi, hadi nilipochagua butiloda (kiprogramu cha bodi kinachopokea programu mpya) ya zamani kwenye menyu ya prosesa ya Arduino IDE. Taa ndogo ya pini 13 ikaanza kupepesa, nikapiga kelele mpaka jirani akauliza kuna nini!

Pampu nayo nimeipa betri zake, hasi ikaungana na GND (hasi) ya bodi, na dayodi ya 1N4007 nikaipachika sambamba na mota ili kuzuia mshtuko wa umeme mota inapozimwa, mstari wake upande wa chanya. Bodi haijizimi tena rilei, swichi inayowasha pampu, ikibofya.

Kilichoshindikana ni sensa ya unyevu, ile ya meno mawili. Naipa umeme wakati wa kusoma tu, kama mlivyoshauri, lakini meno yake bado yanaliwa na kutu, taratibu zaidi tu. Natafuta ya kapasitansi, ambayo chuma chake hakigusi udongo. Kwa sasa mchicha unamwagiliwa kwa kufuata saa tu, bila kupima unyevu, na mama haoni tofauti.

Asanteni sana.