Milingi ya siensii ya zamani, ninunue au nijiepushe?

fundi_mkwerekwe
Asalaam aleikum wakuu. Nina karakana ndogo Mwanakwerekwe, leti ya mkono moja (mashine ya kuchonga chuma cha duara), drili ya kusimama na welding. Kazi zangu bushi za boti, shafti, pulle, flenji na njia za ki kwenye shafti, ule mfereji wa kushikia pulle isiteleze. Sasa kuna karakana Dar inafungwa wanauza milingi ya siensii (CNC, mashine ya kuchonga chuma inayoendeshwa na kompyuta) ya Kijapani, kontrola yaani ubongo wake ni Fanuc 0-M, wanasema inafanya kazi ila imekaa imezimwa kitambo. Bei wameshusha mpaka naogopa. Fezi tatu ninayo. Nikienda niangalie nini?

mzee_wa_leti
Waaleikum salaam. Kwanza niulize, bushi, shafti, pulle, vyote vya duara. Hiyo milingi utaifanyia nini yakhe? Ungetafuta leti ya siensii ningekuelewa.

fundi_mkwerekwe
Ni kweli ami, lakini flenji zenye matundu mengi na njia za ki nazipeleka kwa mtu mwengine na pesa inabaki huko huko kwake, leti yangu ya mkono bado inanitosha

spindo_kavu
Imekaa imezimwa kitambo, hapo ndo roho yangu ilipiga pa! Fanuc 0 zile parameta zake zote, yaani namba za mpangilio wa mashine, zinashikwa na batri, betri kubwa tatu za alikalaini kama za tochi, zikifa mashine inasahau kila kitu, meza ina urefu gani, spindo (mhimili unaozungusha kisu) inazunguka vipi, inakuwa chuma tu. Mie nilinunua moja kwa dalali, sikuuliza, imefika haijui hata jina lake, nimepiga parameta kwa mkono mamia kwa mamia kutoka karatasi iliyogandishwa ndani ya mlango wa kabati, na karatasi yenyewe ishaliwa na mende. Kwahiyo fungua mlango, kama karatasi ipo piga picha kila ukurasa kabla hujataja bei. Na betri unabadilisha mashine ikiwa IMEWASHWA, ukizima ukatoa za zamani umekwisha.

mzee_wa_leti
Na umeme. Mashine za Japani nyingi ni volti 200 fezi tatu, sisi huku ni 400, fezi tatu yako peke yake haisaidii. Soma kibati nyuma ya kabati. Kama transfoma ya kushusha umeme wanaibakisha Dar, bei waliyoshusha utaimalizia kwenye transfoma.

kisiwa_panda
Mie niko Wete, nakubaliana na wenzangu ila nongeze pleyi, ule ulegevu wa meza ukigeuza upande. Weka dayal geji (kipimo cha sindano) mezani, sogeza X, yaani meza kushoto na kulia, hatua za milimita 0.01 upande mmoja kisha rudi, hesabu hatua ngapi kabla sindano haijatikisika. Usipime sehemu moja! Bolskruu, skruu inayosukuma meza, inalika katikati maana ndo kazi zote zinapofanyiwa, kwenye ncha inakuwa mpya. Fundi mjanja anaandika fidia ya pleyi kwenye parameta, ukipima katikati unaona sawa, ukienda nchani ndo inakaza au inaruka, fidia ni namba moja tu kwa urefu wote. Spindo nayo waambie wasiiwashe kabla hujafika, iwe baridi, izungushe, panda taratibu mpaka kasi ya juu, nusu saa, kisha weka mkono kwenye gamba lake la nje, si penye kuzunguka, ikichoma au ikilia kama paka ondoka.

Halafu kutu bwana. Kwenye boti usikubali ipigwe maji ya bahari, paka grisi kila chuma kinachong'aa, funga nailoni.

fundi_mkwerekwe
Ahsanteni sana, naenda Jumamosi na boti ya asubuhi. Sasa aibu yangu, dayal geji yangu ilianguka wiki iliyopita sindano imeganda. Kuna mtu wa kuniazima?

mzee_wa_leti
Njoo Fuoni baada ya lasiri. Ila niloazimisha mara ya mwisho ilirudi bila sumaku yake, kwahiyo utaacha simu yako.