Nimehamia shule Kigoma nikiwa form three, darasa zima limenitenga, nifanyeje?

Dogo_wa_Chumbageni
Habari za humu wakuu, wakubwa shikamooni. Mwezi wa kwanza nilihama Tanga nikaja Kigoma mjini, mama ni nesi kapata uhamisho kwa hiyo na mimi nikaburuzwa. Shule ni ya kutwa, jina siweki. Sasa mpaka leo mwezi wa nne sina hata rafiki mmoja. Wenzangu wako pamoja tangu form one, kila mtu ana dawati lake na mtu wake, mimi nimewekwa nyuma na jamaa mmoja wa Kibirizi ukimsemesha anaitika "ehee" basi, imeisha hiyo. Mapumziko wanakaa chini ya mwembe wanapiga Kiha, nikisogea wanaongea Kiswahili dakika mbili halafu kimya. Wiki ya pili nikasema "tukitoka twendeni baharini" darasa zima likalipuka kicheko, kumbe ni ziwa bwana, ulimi tu umezoea, toka siku hiyo naitwa Bahari, mpaka ticha wa hesabu ananiita hivyo. Hata jua la huku linanichanganya, saa moja jioni bado kweupe wakati Tanga saa hizo magharibi tushaswali zamani. Nimemwambia mama anirudishe kwa bibi akasema nisimletee utoto. Nifanyeje jamani?

kipanga_77
Soma dogo. Mtihani wa form four hauulizi una marafiki wangapi.

Mama_Mawese
@kipanga_77 na wewe nawe, mtoto kaja analia unamjibu kama mkaguzi wa shule.

Mwanangu pole. Mie mtu wa Ujiji, na nikwambie wageni huku hatujaanza kuwaona leo, Stanley alimkuta Livingstone hapa Ujiji 1871 na mji tayari ulishajaa watu wa kuja, Wamanyema kutoka Kongo, Waarabu, watu wa huko huko kwenu pwani waliokuja na misafara. Babu yangu mwenyewe Mmanyema. Kwa hiyo hili la kukutenga eti kwa sababu umetoka Tanga linanipa shaka kidogo. Siku ya kwanza ulijitambulishaje? Sema ukweli usifiche.

Dogo_wa_Chumbageni
Dah. Nilisimama mbele nikataja jina, nikasema natokea Tanga, halafu nikatania "msiniroge tu maana Kigoma nimeambiwa ndo wenyewe". Nilijua watacheka. Hakucheka mtu.

Mwisho_wa_Reli
HAHAHAHA kumbeee! Yaani mtoto wa Tanga, TANGA, unasafiri nchi nzima kuja kuwasema watu uchawi? Si na nyie mnasemwa hivyo hivyo.

Sikia mdogo wangu. Mimi Muha wa Kasulu, nilisoma bodingi Tabora miaka ya nyuma, ukisema tu unatokea Kigoma mtu anasogeza kitanda. Ukiumwa wanasema kagombana na wenzake usiku. Mwanzo nilikuwa nacheka nao, baadae nikachoka, na hao wenzako wameusikia huo utani tangu wanaota meno. Wewe hujakaa hata saa moja darasani ushaufungua. Utani una wenyewe, unapewa ukishazoeleka, hauingii nao mlangoni kama begi.

Ila usiende kusimama mbele tena kuomba msamaha kwa hotuba, utaharibu zaidi. Geuza mambo, siku moja wakiwa wanapiga stori waambie Tanga mnavyosemwa, jicheke wewe kwanza. Na hilo jina la Bahari lishike kaka, mtu aliyekukataa hahangaiki kukupa jina. Asubuhi salimia "mwakeye", watakucheka matamshi, waache wacheke.

Huyo wa Kibirizi ndo nataka tumuongelee. Pale kuna mwalo, dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, alfajiri mitumbwi inarudi, na watoto wengi wa pale wanakuwa mwaloni kusaidia kupokea na kuanika kabla hawajavaa uniform. Huyo hakuchukii, ana usingizi! Mwezi ukiwa mpevu taa hazisaidii kitu, dagaa hawakusanyiki, watu hawatoki ziwani. Msubirie siku hizo.

Mama_Mawese
Hapo kwenye usingizi umesema kweli kabisa, wanangu mie walikuwa wanasinzia mpaka kwenye sala.

kipanga_77
Haya na mimi nimejifunza la dagaa.

Dogo_wa_Chumbageni
Mrejesho wakuu. Juzi mwezi ulikuwa mkubwa, asubuhi nikamuuliza jamaa "vipi, jana mmelala eeh?" akageuka akanikodolea, "nani kakwambia?" Nikamwambia nimefundishwa. Basi akafunguka huyo, kumbe muongeaji balaa, akanieleza baba yake ana mtumbwi na yeye taa ndo anazijulia, tukaongea mpaka ticha wa jiografia akatutoa wote wawili nje na huko nje tukaendelea. Jumamosi kasema niende nikaone wanavyoanika. Mama ameniruhusu ila kasema nikirudi nanuka dagaa nilale barazani.

Wa kwenye mwembe bado. Mwakeye nimeisema mara mbili, wamecheka mpaka mmoja akakaa chini.

Mama_Mawese
Na ile ya kurogwa umeshawaambia ya Tanga?

Dogo_wa_Chumbageni
Bado mama, naogopa. Ijumaa nitajaribu.