Risiva ya mtumba: 7.1 ya volti 120 au 5.1 ya volti 230?

Mkaa_Chumbageni
Wakuu, habari za jioni. Sebule ni mita 4 kwa 5, sakafu ya vigae, TV inchi 55 ya 4K yenye HDMI ARC (tundu linalorudisha sauti ya TV kwenye risiva). Kuna duka hapa Tanga, Ngamiani, lina risiva mbili za mtumba (amplifaya za sinema ya nyumbani, si za dishi). Ya kwanza ni 7.1 (spika saba na sabufa moja), wati 100 kila chaneli, nyuma imeandikwa AC 120V 60Hz. Ya pili ni 5.1, wati 70, 230V 50Hz, nayo imezidi bei kidogo. Spika ninazo tano na sabufa, za home theatre ya DVD iliyokufa, mgongoni zimeandikwa ohm 3. Nichukue ipi?

WayaNaRisasi
Chukua ya 230V, mkuu, wala usijiulize mara mbili. Ile nyingine ni ya soko la Marekani. Ukiichomeka ukutani moja kwa moja, ukiwa na bahati inakata fyuzi tu. Ukikosa bahati transfoma ya ndani inaungua na kapasita zinapasuka. Inaweza kutumika kwa transfoma ya kushusha umeme ya VA 1000 (VA ni kipimo cha nguvu, kama wati) za kweli, lakini hiyo ni nzito, inavuma, halafu siku mtu wa nyumbani akifagia na kurudisha plagi ukutani, kwisha habari yake.

Wati zisikutishe. Soma maandishi madogo: hizo 100 mara nyingi zimepimwa chaneli mbili tu zikilia. Na kutoka wati 70 hadi 100 ni kama desibeli 1.5, sikio halishtuki.

Bass_Raskazone
Naongezea kwenye spika, maana hapo ndipo pabaya zaidi. Risiva nyingi zinataka ohm 6 hadi 16. Ohm 3 inavuta mkondo mkubwa, sauti ikipanda kidogo risiva inajizima kujilinda na kuandika PROTECT. Usidanganywe na ile sehemu ya menyu ya kuchagua ohm 4. Inachofanya ni kupunguza nguvu isipate moto.

Sabufa nayo haifai. Ya home theatre ya DVD haina umeme wake, ina waya mbili tu, ilikuwa inasukumwa na ile mashine. Risiva inatoa mawimbi tu kwa tundu la RCA lililoandikwa SUBWOOFER, kwa hiyo unahitaji sabufa yenye amplifaya ndani. Fedha ikiwa fupi, anza na spika mbili za mbele za ohm 8, kisha ya katikati (ndiyo inayobeba maneno ya filamu), za nyuma zitakuja. Ukienda kununua nenda na multimita: ya ohm 8 inasoma kama 6, ya ohm 4 inasoma 3 na kitu.

Mkaa_Chumbageni
Shukrani sana. Hiyo ya 230V ni ya zamani, muuzaji anasema HDMI yake haipitishi 4K ya sasa. Ni tatizo?

WayaNaRisasi
Hapana. Picha isipite kwenye risiva kabisa. King'amuzi na deki zichomeke kwenye TV, kisha waya mmoja wa HDMI utoke tundu la TV lililoandikwa ARC uende tundu la risiva lililoandikwa ARC. Matundu mengine hayatatoa sauti. Washa CEC (inayofanya TV na risiva viwasiliane) pande zote mbili. Halafu kwenye menyu ya sauti ya TV toa PCM, weka Bitstream au Dolby Digital. Wengi wanasahau hapo, wanabaki na chaneli mbili na kulaumu risiva. ARC ikisumbua tumia waya wa optiko, ule wa mwanga mwekundu. Dolby Digital 5.1 inapita vizuri.

Bass_Raskazone
Kabla ya kulipa, iwashe nusu saa palepale dukani. Chukua spika moja uihamishe kwenye kila chaneli, kisha zungusha kitufe cha sauti polepole: ikikwaruza ni uchafu, unasafishika, chaneli ikiwa kimya, achana nayo.

Waya wa spika uwe shaba tupu, 1.5 mm² inatosha sebule hiyo. Kwangua kwa kisu: ndani ukiwa mweupe ni alumini iliyofunikwa shaba juu. Sokota ncha vizuri, uzi mmoja tu ukigusa wa jirani, PROTECT. Chumvi ya bahari huku kwetu inageuza ncha kuwa kijani, basi kata sentimita mbili uchune upya. Juu ya risiva acha sentimita 10 wazi, na tafadhali, kile kitambaa cha kufuma kikae kwenye makochi.

Vigae vitakupa mwangwi, tandika zulia kati ya kochi na TV. Maikrofoni ya risiva ya kupimia spika ikiwa imepotea, pima kwa futi ya fundi kutoka kila spika hadi unapokaa, ingiza umbali kwenye menyu, weka spika zote Small, na mpaka wa besi (crossover) 80 Hz, ili besi ya chini ya hapo iende kwenye sabufa.